Watani wa Jadi Pasipo Uadui: Mafunzo kutoka Viwanja vya Hurling vya Ayalandi

Ifuatayo ni matini ya mada iliyosomwa mbele ya viongozi wa vilabu, waamuzi na wakazi katika kikao cha maandalizi ya mashindano ya kata. Inachapishwa kwa faida ya wananchi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Usemi huo hutajwa katika kila ufunguzi wa mashindano, na mara nyingi husahaulika kabla ya filimbi ya mwisho kupulizwa. Mada hii inahusu swali moja tu: ni mambo gani yanayowawezesha majirani kushindana kwa nguvu zao zote, mwaka hadi mwaka na kizazi hadi kizazi, pasipo ujirani wao kuvunjika?

Mfano uliochaguliwa unatoka mbali, katika kisiwa cha Ayalandi, magharibi ya Uingereza. Umechaguliwa kwa makusudi. Mfano wa karibu hugeuka upesi kuwa kesi: nani alianza, nani alirusha jiwe, refa alikuwa shemeji ya nani. Mfano wa mbali hauna mshtakiwa ndani ya ukumbi huu, na kwa sababu hiyo kila mmoja anaweza kuusikiliza kwa utulivu na kujipima mwenyewe.

Mchezo wa fimbo na mpira

Hurling ni mchezo wa kale wa Ayalandi. Timu mbili zenye wachezaji 15 kila moja hukutana katika uwanja mpana kuliko wa soka, wenye urefu wa kati ya mita 130 na 145. Kila mchezaji hushika fimbo yenye urefu wa karibu mita moja, ambayo kwa desturi huchongwa kwa mti wa ash na kutandazwa kuwa bapa upande wa chini. Wenyewe huiita camán. Mpira, uitwao sliotar, ni mdogo unaoenea kiganjani, una uzito wa gramu 110 hadi 120 na umefunikwa kwa ngozi iliyoshonwa. Ukipigwa barabara huruka kwa kasi inayopita kilomita 150 kwa saa.

Milingoti ya goli ina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaapanya ni goli, lenye thamani ya pointi tatu. Ukipita juu yake, katikati ya milingoti, ni pointi moja. Wasaidizi wanne wa mwamuzi, wawili katika kila goli, husimama wakiwa wamevaa makoti meupe. Goli likifungwa hupunga bendera ya kijani. Pointi ikipatikana hupunga bendera nyeupe. Wanawake wana mchezo wao unaofanana na huo, uitwao camogie, ambao chama chake kilianzishwa mwaka 1904. Mwaka 2018 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliuingiza mchezo huu wa hurling, pamoja na camogie, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Jambo la kuzingatia mapema ni hili: katika hurling wachezaji 30 huingia uwanjani kila mmoja akiwa na fimbo mkononi. Hakuna asiye na silaha. Hadi mwaka 2010, ulipowekwa ulazima wa kuvaa kofia ngumu katika ngazi zote, wengi walicheza vichwa vitupu. Mchezo wa namna hiyo usingedumu hata msimu mmoja kama watu wake wasingekuwa na adabu inayofahamika na kila mmoja, mzee kwa kijana. Kwa hiyo adabu katika mchezo huo haikuwekwa kama pambo. Imewekwa kwa sababu bila hiyo watu wangeumizana vibaya.

Parokia, kaunti na jezi

Mchezo huu unasimamiwa na chama kinachofahamika kwa herufi GAA. Chama hicho kilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 katika hoteli moja mjini Thurles, kaunti ya Tipperary. Mwalimu Michael Cusack ndiye aliyeitisha mkutano, na Maurice Davin akachaguliwa kuwa rais wa kwanza. Leo chama kina vilabu zaidi ya 2,000, na uwanja wake mkuu wa Croke Park, jijini Dublin, huchukua watazamaji zaidi ya 82,000.

Pamoja na ukubwa huo, wachezaji hawalipwi mshahara. Kijana anayeshangiliwa na maelfu siku ya Jumapili huonekana Jumatatu akifundisha darasani, akikamua ng'ombe au akiweka nyaya za umeme katika nyumba ya mtu. Wala hanunuliwi na klabu nyingine kama ilivyo katika soka la kulipwa. Kwa desturi, mtu huichezea klabu ya parokia alikozaliwa au anakoishi. Baba yake aliichezea, na mwanawe ataichezea.

Vilabu vya kaunti moja hushindania ubingwa wa kaunti kila mwaka. Hapo ndipo ushindani ulipo mkali kuliko mahali pengine popote. Sababu yake ni rahisi kuielewa kwa mtu yeyote aishiye kijijini. Anayefungwa na timu ya mbali husahau baada ya wiki. Anayefungwa na jirani hukumbushwa dukani, kanisani, mnadani na harusini mwaka mzima. Huyo jirani ndiye mwenye trekta anayohitaji kuiazima, na huenda dada yake ameolewa huko.

Bingwa wa kaunti husonga mbele kwenda ngazi ya mkoa wa kihistoria, na hatimaye ngazi ya taifa, ambako mashindano ya vilabu yalianza msimu wa 1970 na 1971. Lakini waulize wachezaji wengi ni kombe lipi wangelipenda kulishika kabla ya kufa, na jibu litakuwa kombe la kaunti yao.

Mwaka adui alipokuwa nahodha

Mfano wa kwanza unatoka mji wa Cork, kusini mwa nchi. Kwa miongo mingi vilabu vitatu vya mji huo vilitawala kaunti: Blackrock, St Finbarr's na Glen Rovers. Glen Rovers, klabu ya mtaa wa Blackpool iliyoanzishwa mwaka 1916, ilichukua ubingwa wa kaunti mara nane mfululizo, kuanzia 1934 hadi 1941. Ni rahisi kukisia jinsi watani wao walivyojisikia katika miaka hiyo minane. Utani wa vilabu hivyo ulikuwa mkubwa kiasi kwamba fainali ya kaunti ya mwaka 1977, kati ya Glen Rovers na St Finbarr's, ilihudhuriwa na watazamaji zaidi ya 34,000. Hiyo haikuwa fainali ya taifa. Ilikuwa mechi ya majirani.

Sasa, wapinzani hao walikuwa na jambo moja lililowafunga pamoja. Wachezaji bora wa vilabu vyote vya kaunti huchaguliwa kuunda timu moja ya kaunti, nayo hushindana na kaunti nyingine kutafuta ubingwa wa nchi nzima. Na katika kaunti ya Cork palikuwa na desturi kwamba klabu iliyotwaa ubingwa wa kaunti ndiyo itakayomteua nahodha wa timu ya kaunti kwa mwaka unaofuata.

Tazameni maana ya desturi hiyo. Cork ilitwaa ubingwa wa Ayalandi miaka minne mfululizo, kuanzia 1941 hadi 1944. Mwaka 1941 nahodha alikuwa Connie Buckley, na mwaka 1942 alikuwa Jack Lynch. Wote wawili walitoka Glen Rovers. Ubingwa wa kaunti ulipohamia St Finbarr's, unahodha ulihama nao. Mwaka 1943 nahodha akawa Mick Kennefick, na mwaka 1944 Seán Condon. Wote wawili wa St Finbarr's.

Katika timu hiyo alikuwamo Jack Lynch mwenyewe, aliyetoka tu kuvua kitambaa cha unahodha. Alikuwamo pia Christy Ring, mzaliwa wa Cloyne aliyejiunga na Glen Rovers mwaka 1941, na ambaye Waayalandi wengi humhesabu kuwa mchezaji bora kuliko wote waliopata kutokea. Watu hao wawili walicheza chini ya amri ya wapinzani wao wa mtaani. Hawakususa, wala hawakucheza nusunusu ili mtani wao aaibike. Walipigana bega kwa bega naye, wakatwaa kombe, naye nahodha wa St Finbarr's akalipokea. Msimu uliofuata wa kaunti ulipoanza, kila mtu alirudi katika jezi yake na mapambano yakaendelea kama kawaida.

Christy Ring alimaliza uchezaji wake akiwa na medali nane za ubingwa wa Ayalandi. Jack Lynch aliingia katika siasa na kuwa Waziri Mkuu wa nchi yake kwa vipindi viwili. Ring alipofariki dunia mwezi Machi 1979, Lynch alikuwa bado Waziri Mkuu. Ndiye aliyesimama kando ya kaburi huko Cloyne na kutoa hotuba ya kumuaga mwenzake wa zamani.

Funzo la Cork, ndugu wananchi, halihusu tabia njema ya watu wawili tu. Tabia njema ya mtu mmoja hufa naye. Funzo ni kwamba utaratibu wenyewe wa mashindano ulikuwa umejengwa namna ya kumlazimisha mpinzani wa leo awe mwenzi wa kesho. Mchezaji anayejua kwamba mwezi ujao atapokea pasi kutoka kwa mtu fulani hafikirii kumvunja mguu mwezi huu.

Walioshindwa mara mbili wakarudi

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi. Loughmore-Castleiney ni klabu ya parokia ndogo ya vijijini katika kaunti ya Tipperary. Jirani yake ni Thurles, mji ule ule kilikoasisiwa chama, wenye klabu ya Thurles Sarsfields iliyotwaa ubingwa wa kaunti mara nyingi kuliko klabu nyingine yoyote ya Tipperary. Kijiji na mji, kama kawaida, hutazamana kwa jicho la pembeni.

Parokia ya Loughmore-Castleiney ina desturi ya kucheza hurling na soka la Kigaeli kwa pamoja, na wachezaji walewale hushiriki katika michezo yote miwili. Mwaka 2020 walifika fainali zote mbili za kaunti, na wakapoteza zote mbili. Parokia ndogo ilicheza fainali mbili, ikarudi mara mbili mikono mitupu.

Hapo palikuwa na nafasi ya kutafuta mchawi. Wangeweza kumlaumu mwamuzi, au kuvunja benchi la ufundi, au kuacha mchezo mmoja. Mwaka 2021 walirudi na utaratibu uleule na vijana walewale, wakicheza wiki baada ya wiki, hurling wikiendi hii, soka wikiendi ijayo. Wakafika tena fainali zote mbili. Katika hurling walikutana na jirani yao, Thurles Sarsfields. Mechi ya kwanza ilimalizika kwa sare, ikabidi irudiwe. Katika marudio Loughmore-Castleiney ilishinda, na katika soka pia ikatwaa kombe. Parokia moja, mwaka mmoja, makombe yote mawili.

Wengine husema kukubali kushindwa ni unyonge. Historia ya parokia hiyo inaonyesha kinyume. Mtu anayetumia mwaka mzima kubishana juu ya mechi iliyopita hana muda wa kujiandaa kwa mechi ijayo.

Ni vema ikumbukwe pia kwamba hata bingwa mkubwa huonja kikombe hicho. Tarehe 12 Februari 2022, katika fainali ya vilabu ya taifa, Ballyhale Shamrocks ya kaunti ya Kilkenny ilikuwa ikiwania ubingwa wa tatu mfululizo dhidi ya Ballygunner ya kaunti ya Waterford. Ballyhale ilikuwa mbele hadi pigo la mwisho la mchezo, ambapo Harry Ruddle, aliyeingia akitokea benchi, alifunga goli. Matokeo yakawa magoli 2 na pointi 17 kwa Ballygunner, goli 1 na pointi 19 kwa Ballyhale. Yaani 23 kwa 22. Timu hizo zikakutana tena katika nusu fainali ya msimu uliofuata. Safari hiyo Ballyhale ilishinda, na mwezi Januari 2023 ikanyanyua kombe la taifa kwa mara ya tisa. Deni la uwanjani lililipwa uwanjani.

Mwamuzi anapokosea

Hakuna atakayesema kwamba waamuzi hawakosei. Tarehe 22 Agosti 1998, katika uwanja wa Croke Park, kaunti za Clare na Offaly zilikuwa zikirudiana katika nusu fainali ya ubingwa wa Ayalandi. Clare, bingwa mtetezi, ilikuwa ikiongoza kwa pointi tatu, yaani goli moja tu. Mwamuzi akapuliza filimbi ya mwisho. Saa ilionyesha kwamba zilikuwa zimesalia dakika mbili.

Fikirini hali ya uwanja. Maelfu ya watu wameona timu yao ikinyang'anywa dakika mbili mbele ya macho yao, katika mchezo ambao sekunde chache zinatosha kufunga goli. Mashabiki wa Offaly waliteremka uwanjani. Na huko uwanjani walifanya nini? Waliketi. Walikaa chini kwenye nyasi kwa wingi wao, wakakataa kuondoka, hadi malalamiko yao yasikilizwe.

Wasimamizi waliamua kwamba mechi irudiwe. Clare, ambao tayari walikuwa wamejihesabu washindi, walirudi uwanjani kucheza upya, safari hii mjini Thurles. Offaly ilishinda marudio hayo, na mwezi Septemba ikaifunga Kilkenny katika fainali na kuwa bingwa wa Ayalandi.

Mambo mawili yanastahili kushikwa hapo. La kwanza, mashabiki wa Offaly walikuwa na haki ya kukasirika, na walionyesha hasira yao kwa njia ambayo haikumdhuru mtu. Kama wangemvamia mwamuzi, mjadala wa siku iliyofuata ungekuwa juu ya vurugu zao, wala si juu ya dakika mbili walizodhulumiwa. Aliyedhulumiwa akirusha jiwe, huigeuza haki yake kuwa kosa. La pili, Clare walipoteza kitu walichokuwa wamekwisha kukishika mkononi, na bado walitokea siku ya marudio. Uanamichezo wa aina hiyo ni mgumu kuliko ule wa kupeana mikono baada ya kushinda.

Mwamuzi anapoguswa

Isidhaniwe kwamba kule kila kitu ni chema. Katika mashindano ya kaunti za Ayalandi hutokea ngumi, matusi na wachezaji kufungiwa. Chama kimelazimika kuendesha kampeni za kuhimiza heshima kwa waamuzi na kuongeza adhabu kwa makosa ya makusudi. Kuanzia mwaka 2021 mchezaji wa hurling anayemwangusha mwenzake kwa kusudi ili kumnyima nafasi ya wazi ya kufunga hutolewa nje kwa dakika kumi, na timu yake kupigiwa penalti.

Tukio lililowashtua wengi lilitokea mwezi Septemba 2022 katika kaunti ya Roscommon. Ilidaiwa kwamba mwamuzi mmoja alishambuliwa katika mechi ya vijana. Waamuzi wenzake walikataa kuchezesha, na mechi zote za kaunti za wikiendi iliyofuata zikaahirishwa. Watoto ambao hawakuhusika walibaki nyumbani, na vilabu ambavyo havikuwa karibu na tukio hilo vilifunga milango.

Huo ndio ukweli unaosahauliwa mtu anapomkunja refa shati. Mwamuzi wa ngazi ya chini hatafuti utajiri. Huko Ayalandi mara nyingi huja na wasaidizi wake wanne wa golini ambao ni ndugu na marafiki wa kijijini kwake, waliokubali kusimama na makoti meupe katika mvua ili watoto wa wengine wacheze. Akipigwa mmoja, wanaogopa kumi. Na mashindano yanaweza kuendelea bila kombe, bila jezi mpya na hata bila jukwaa la mgeni rasmi. Hayawezi kuendelea bila mtu wa kupuliza filimbi.

Desturi ndogo zinazolinda amani

Je, ni mambo gani ya kawaida yanayouzuia ushindani huo usigeuke kuwa uadui? Yafuatayo yanaonekana wazi, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi.

Kwanza, mwamuzi wa mechi ya ubingwa wa kaunti hatoki katika klabu yoyote kati ya zile zinazocheza. Hata akikosea, hakuna anayesema kwamba alikuwa akimpendelea mjomba wake.

Pili, malalamiko yana njia inayojulikana kabla ya mechi. Mwamuzi huandika taarifa. Kamati ya mashindano husoma taarifa hiyo na kupendekeza adhabu. Mhusika akikataa, husikilizwa na kamati nyingine, si ile iliyompendekezea adhabu. Anaweza kukata rufaa ngazi ya juu, na tangu mwaka 2005 kuna chombo huru cha usuluhishi kwa mashauri ya mwisho, ili wanachama wasipelekane mahakamani. Mtu mwenye mahali pa kupeleka kilio chake hana sababu ya kukipeleka kwa ngumi.

Tatu, mshindi ana wajibu. Kwa desturi, nahodha anayepokea kombe huhutubia umati. Huwashukuru wapinzani wake kwa kuwataja, na mwishoni huongoza vifijo vitatu kwa ajili ya walioshindwa. Kijana wa miaka 12 anayesimama uwanjani akilia kwa kufungwa hulisikia jina la klabu yake likishangiliwa na waliomfunga. Jambo hilo ni dogo, lakini hukumbukwa.

Nne, mchezo ni mali ya parokia nzima. Wanaokata nyasi, wanaokaa getini, wanaopanga magari, wanaochemsha chai na wanaofundisha watoto wote hujitolea. Asiyeweza kucheza ana kazi ya kufanya, na mwenye kazi ya kufanya huona haya kuharibu alichokijenga.

Tano, mchezo huishi zaidi ya uwanja. Miti ya ash inayotoa fimbo imeshambuliwa na ugonjwa ulioonekana Ayalandi kwa mara ya kwanza mwaka 2012, na wanamichezo wa kaunti zote wamebaini kwamba wana shida moja. Mwezi Novemba 2022 kundi la wachezaji wa ngazi ya juu, wanaume kwa wanawake, walifika hata nchini Kenya kushiriki katika upandaji wa miti na kucheza mechi ya maonyesho. Watu walioshindana majira yote ya joto walishika jembe pamoja.

Hitimisho

Ndugu wananchi, mashindano ya kata yanakaribia. Hakuna anayetaka utani upungue. Timu isiyo na mtani ni kama ngoma isiyo na mchezaji. Watu wangekuja uwanjani kufanya nini? Kinachotakiwa ni utani uwe na mipaka ambayo kila mmoja anaifahamu kabla mpira haujawekwa katikati.

Kabla ya mechi ya kwanza, ni vema kamati ya mashindano ijibu maswali manne hadharani, na majibu yabandikwe katika ofisi za vijiji ili kila mkazi ayasome. Mwamuzi wa kila mechi anatoka wapi? Klabu yenye malalamiko iyapeleke kwa nani, na ndani ya siku ngapi? Nani atakayemsindikiza mwamuzi kutoka uwanjani hadi nyumbani kwake? Na je, wachezaji bora wa timu zote wataunganishwa katika timu moja ya kata, ili mtani wa leo awe mwenzi wa kesho?

Swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Kijana aliyemfunga jirani yake katika fainali, kisha akapewa jezi moja naye wiki mbili baadaye, hujifunza jambo ambalo hakuna hotuba inayoweza kumfundisha. Mick Kennefick wa St Finbarr's alipolipokea kombe la Ayalandi mwaka 1943, nyuma yake walisimama vijana wa Glen Rovers waliolitafuta kombe hilo pamoja naye. Msimu uliofuata walikabana tena. Wala hapakuwa na kaya iliyohama mtaa kwa sababu hiyo.

Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Mechi ina saa yake na ina filimbi yake ya mwisho. Ujirani hauna filimbi. Baada ya fainali, watu walewale watakutana kisimani, shambani, zahanati na msibani, na siku hiyo hakuna atakayeuliza matokeo yalikuwa mangapi kwa mangapi kabla ya kushika machela.